Kitambaa Juu ya Pawa Saplai

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kali jijini Nairobi, na manyunyu yalianguka juu ya mabati ya mtaa wa Mashimoni bila kelele, kama unga unaochekechwa. Mitchelle, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amekwisha kupanga foleni kwenye kioski cha maji. Alirudi nyumbani na mtungi wake, mwili ameulaza upande mmoja kwa uzito.

Nyanya yake, Kageha, alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali ambapo mwanga wa nje ulifika. Kitabu kilikuwa mapajani. Kidole chake kilitembea chini ya maneno polepole, kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele.

"Wa... li... o... ku..."

"Waliokusanyika, Shosho," Mitchelle akasema huku akitua mtungi.

"Wewe! Nani amekuuliza? Nilikuwa nimekaribia kulifikia."

Wakacheka wote wawili.

Kageha alikuwa na miaka sitini na minne. Alipokuwa mtoto kule Maragoli, hakupelekwa shule; alibaki nyumbani kulea wadogo zake. Lakini mwezi wa Februari mwaka huo alinunua daftari na penseli, akajiunga na darasa la jioni la watu wazima katika ukumbi wa kanisa lao, mtaa wa Kambi Muru. Mwalimu Khamala, aliyewafundisha, alikuwa amemchagua asome somo mbele ya kanisa zima Jumapili ya tarehe ishirini. Tangu azaliwe, Kageha hakuwahi kusoma mbele ya watu. Kila siku alimwomba Mungu amjalie asikwame.

Shida ilikuwa jioni. Kageha alipotoka darasani akitaka kurudia somo lake, majirani nao walikuwa wamewasha majiko ya umeme na pasi. Umeme wa ploti ulikuwa mdogo na uligawanywa kwa nyumba nyingi. Balbu yao ilififia mpaka ikawa nyekundu kama kaa linalozimika, naye Kageha akafunga kitabu na kusema, "Macho yangu yamegoma."

Mitchelle aliliwaza jambo hilo njia nzima asubuhi hiyo, alipokuwa akiandamana na mama yake kwenda Kawangware. Mama yake, Angeline, alisuka nywele katika kibanda, sehemu ya huko iitwayo Kabiro, na kila Jumamosi Mitchelle alimsaidia kuchambua nyuzi za kusukia. Kibanda kilichopakana nacho kilikuwa cha Fundi Obonyo, mtengenezaji wa redio na kompyuta.

"Niaje, msusi mdogo!" Obonyo akamsalimu. "Leo mbona uso umekunjamana kama shati langu?"

Mitchelle akamweleza habari za nyanya yake na balbu iliyofifia. Obonyo alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akavuta kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza, yenye vumbi na pembe iliyovunjika.

"Hiyo si imekufa?" Mitchelle akauliza.

"Kompyuta ndiyo imekufa. Lakini moyo wake ni mzima." Akafungua skrubu nne na kutoa sanduku la chuma lenye feni pana juu na fungu la nyaya za rangi nyingi. "Hii ni pawa saplai. Inachukua umeme mkali wa ukutani na kuupunguza mpaka volti kumi na mbili. Hebu soma hapo ubavuni."

"Mia moja mpaka mia mbili na arobaini."

"Maana yake hata umeme wa ploti yenu ukidhoofika, hii haijali. Inaendelea na kazi."

Mitchelle aliligeuza lile sanduku, kisha akauliza, "Lakini kama haina kompyuta, nani ataiambia iwake?"

Obonyo akapiga meza kwa furaha. "Hilo ndilo swali! Ukibonyeza kitufe cha kompyuta, waya huu wa kijani unaunganishwa na mweusi. Basi. Sasa sisi ndio tutakuwa kompyuta."

Akafunga swichi ndogo kati ya waya wa kijani na mweusi. Nyaya ambazo hazikuhitajika alizikata fupi na kuufunga kila mmoja kwa tepu ili zisigusane. Kwenye waya wa njano na mweusi mwingine aliunganisha mkanda mrefu wa taa ndogo ndogo, uliobanduliwa kwenye bango la saluni iliyofungwa. Akachomeka ukutani na kubonyeza swichi. Feni ikavuma, na mwanga mweupe ukajaa kibandani hadi Angeline akachungulia kutoka kwake.

"Obonyo, umeleta jua ndani?"

"Ni la mama yako, asome," Obonyo akajibu. Kisha akamgeukia Mitchelle na kushusha sauti. "Kazi ya mikono yangu imekwisha. Iliyobaki ni ya mdomo wako. Mtu yeyote asilifungue sanduku hili. Hata likichomolewa ukutani, ndani hubaki umeme, kama vile mfereji ukifungwa maji bado yamo mtungini. Nimewahi kuona fundi mzima akitupwa chini. Na lisifunikwe kamwe. Feni hii inavuta hewa kutoka juu. Ukiifunika ni kama kumziba mtu pua. Mwambie shosho yote mawili, umesikia?"

"Nimesikia. Nitamwambia."

Jioni hiyo nyumba yao ilingʼaa kuliko zote kwenye ploti. Kageha alifungua kitabu, akakiweka mbali kidogo na macho, na kusoma mistari minne bila kukwama. Alifunika mdomo kwa kiganja.

"Ee Mungu," akasema, "kumbe herufi ni kubwa hivi!"

Mitchelle alianza kumweleza maneno ya fundi. "Shosho, usilifungue hili sanduku hata kidogo, ndani hubaki umeme..." Kabla hajafikia la pili, mlango ukasukumwa. Alikuwa Akoth, rafiki yake wa mlango wa tatu, na watoto wengine nyuma yake.

"Aki ona! Injinia wa Mashimoni!" Akoth akapiga kelele. "Mitchelle, na sisi utatuletea lini? Ama ni ya watu wa kanisa peke yao?"

Vicheko vikajaa, chai ikamiminwa, na lile neno la pili halikusemwa. Mitchelle akajiambia kwamba angelisema kesho. Kesho yake ilikuwa Jumapili, kukawa na wageni. Jumatatu akalisahau kabisa.

Sasa, katika nyumba ya Kageha kila kitu cha thamani kilikuwa na kitambaa chake cha kushona kwa uzi. Viti vilikuwa na vitambaa, redio na runinga pia, hata chupa ya chai na ndoo ya maji ya kunywa. Vyote alivishona mwenyewe. Kwake, kitu kisicho na kitambaa kilikuwa kama mgeni ambaye bado hajaambiwa aketi. Basi Jumanne, Mitchelle aliporudi kutoka shuleni, alikuta juu ya pawa saplai kitambaa kipya cheupe chenye maua ya waridi pembeni, kimeifunika feni yote.

Ndipo akalikumbuka lile neno la pili.

"Nimekishona siku tatu," Kageha akasema. Alikuwa akikinyoosha kwa vidole, akizipanga nyuzi ndefu za ukingo mmoja mmoja. "Kila kitu humu ndani nilikivalisha, isipokuwa hiki ulicholeta wewe. Nikasema la, zawadi ya mjukuu wangu haiwezi kukaa uchi." Kisha akainua macho. "Ama fundi alisema lolote kuhusu kufunika?"

Mitchelle alizitazama zile nyuzi. Alitazama mikono ya nyanya yake, yenye vifundo vilivyovimba kwa baridi ya Julai, na uso uliokuwa ukingoja sifa.

"Hakusema kitu, Shosho," akajibu. "Ni kizuri sana."

Jumatano jioni Kageha alikuwa akisoma, na sauti yake ilikuwa imeanza kupata mwendo. Angeline alikuwa akikoroga ugali. Mitchelle aliona kwamba mvumo wa feni umenyamaza, lakini hakuthubutu kusimama. Baada ya muda harufu ikaingia nyumbani, ya vumbi linaloungua. Kisha taa za mkanda zikazimika zote mara moja.

"Chomoa! Chomoa!" Angeline akapiga kelele, akauvuta waya ukutani mwenyewe. Akanyakua kitambaa, na nyuzi zake upande mmoja zikakatika kwa mlio. Aligusa chuma na kurudisha mkono upesi. "Kinachoma! Mungu wangu, tungeungua na nyumba za watu!"

Alichungulia kama kuna moto. Haukuwapo. Akawasha ile balbu ya zamani, na wote watatu wakasimama chini ya wekundu wake, wakipumua.

"Huyo Obonyo," Angeline akasema, "amempa mtoto wangu takataka. Jumamosi atanitambua."

Mitchelle aliinama kuokota nyuzi zilizokatika.

Kageha hakukasirika, na hilo ndilo lililouma zaidi. Aliketi, akakunja kitambaa chake kilichofumuka, akakiweka chini ya kitabu. "Labda Mungu ananiambia nimechelewa," akasema. "Mtu wa miaka sitini na minne anataka nini na vitabu? Nitamwambia Mwalimu amtafute msomaji mwingine."

"Hapana, Shosho!"

"Usijali, mama. Tuombe tulale."

Wakapiga magoti. Kageha aliombea majirani, akaombea masomo ya mjukuu wake, kisha akasema polepole, "Na Fundi Obonyo, Baba, umsamehe. Pengine alikuwa na haraka. Umsamehe kwa kumpa mtoto kitu kibovu."

"Amina," Angeline akasema.

Mitchelle hakuweza kulitamka neno hilo.  Alhamisi ombi likawa lile lile, na Ijumaa pia. Mara zote tatu fundi asiye na kosa aliombewa msamaha, na mwenye kosa alikuwa amepiga magoti pale pale, kichwa kimeinama. Ijumaa hiyo Mwalimu Khamala alipita nyumbani kumsihi Kageha asijitoe. Kageha akatikisa kichwa. Mwalimu akasema angengoja jibu lake la mwisho mpaka Jumamosi jioni.

Jumamosi asubuhi, Angeline alitia pawa saplai kwenye kiondo na kwenda Kabiro kwa hatua za mtu mwenye kesi. Mitchelle alimfuata nyuma. Walimkuta Obonyo na wateja wawili. Mmoja wao, mwanamke aliyevaa koti la kijani, alikuwa amemkabidhi kompyuta yake muda huo huo.

"Obonyo!" Angeline akaweka kiondo mezani kwa kishindo. "Mimi na wewe ni majirani miaka mitano. Nilikukosea nini, hata ukataka kuniunguzia mama yangu?"

"Angeline, polepole. Kumetokea nini?"

"Unaniuliza? Hii takataka yako imetoa moshi! Mama ameacha kusoma kwa sababu yako!"

Alisema moshi ingawa haukuwapo, maana mtu akikasirika huongeza. Yule mwanamke wa koti la kijani alisikia yote. Alinyoosha mkono taratibu, akaichukua kompyuta yake mezani na kuikumbatia.

"Fundi, samahani," akasema. "Wacha niipeleke kwingine."

Obonyo hakumzuia. Alimtazama Mitchelle.  Macho yake yalikuwa ya mtu anayengoja tu.

 Ndani ya moyo wake Mitchelle akasema, Mungu nisaidie, kisha akatoka nyuma ya mama yake.

"Mama, ngojeni. Si kosa la fundi." Akaelekeza kidole kwenye kiondo. "Aliniambia isifunikwe. Aliniambia nimwambie Shosho. Sikumwambia. Na Shosho aliponiuliza nikadanganya, nikasema fundi hakusema kitu. Kwa sababu alikuwa ameshona siku tatu, na... na alikuwa na furaha."

 Angeline aliketi kwenye stuli kana kwamba amesukumwa.

"Mitchelle! Siku tatu tunamwombea huyu mtu asamehewe, na wewe unasikia?"

"Ndiyo, Mama." Machozi yalikuwa yakishuka. "Ndiyo maana sikusema amina."

Yule mwanamke wa koti la kijani alibaki mlangoni. Alimtazama msichana, kisha fundi. Akarudi hatua mbili na kuiweka kompyuta yake mezani.

Angeline akainuka. "Obonyo, ndugu yangu, nimekutukana mbele za watu. Nisamehe mbele yao."

"Yamekwisha." Obonyo akachuchumaa mbele ya Mitchelle ili macho yao yawe sawa. "Sikia. Feni naweza kuitengeneza. Lakini jina langu hapa Kabiro silitengenezi kwa bisibisi. Umelirudisha wewe mwenyewe, na umefanya hivyo ukiogopa. Ahsante. Haya, futa machozi, tumtazame mgonjwa."

Alisema sanduku limekaa siku tatu bila umeme, lakini bado alilipima kwanza kwa kifaa chake ili awe na hakika kwamba ndani hamna umeme uliobaki. Ndipo akalifungua, huku akimwambia Mitchelle asimame mbali. Akacheka kidogo. Kwa koleo nyembamba akavuta uzi mweupe kutoka kwenye kitovu cha feni, ukaja mrefu, ukaja na ua moja la waridi.

"Feni ilivuta nyuzi za kitambaa, zikaifunga shingo. Ikasimama. Joto likapanda, na pawa saplai ikajizima yenyewe isiungue. Ina akili kuliko sisi wote."

Akapuliza vumbi, akabadilisha tepu iliyolegea, akafunga skrubu na kuiwasha. Aliiacha ikiwaka saa mbili nzima juu ya meza, mkono wake ukiigusa kila mara. Haikupata joto.

"Ni nzima," akasema. "Leo nitakuja mwenyewe kuifunga ukutani. Lakini shosho wako utamweleza wewe, kabla sijafika."

Mitchelle alimkuta nyanya yake akichambua sukuma wiki mlangoni. Alikaa chini miguuni pake na kumweleza yote, kuanzia Jumanne mpaka ule uzi wenye ua. Kageha aliacha majani yakalala kwenye sinia. 

"Kwa hiyo uliogopa kuniumiza," akasema.

"Ndiyo, Shosho."

"Na mimi nimemsingizia mtu mwema mbele za Mungu jioni tatu." Akapumua. "Nitazungumza naye, na nitazungumza na Mungu. Lakini sikiliza, mama. Mwalimu Khamala hunikosoa kila jioni. Ananiambia, Kageha, hiyo si *b*, hiyo ni *d*. Mbele ya watu! Umewahi kuniona nimekufa?"

Mitchelle akatikisa kichwa, akacheka katikati ya kilio.

"Ningekiondoa kitambaa nikakiweka kwenye kiti. Basi. Ulidhani nakipenda kuliko nyumba hii? Kuliko wewe, unayelala humu ndani?" Akamvuta na kukilaza kichwa chake mapajani, pale palipozoea kukaa kitabu. "Niletee kitabu changu. Nimepoteza siku tatu."

Obonyo alifika saa kumi na moja, akaifunga pawa saplai kwenye ubao wa ukutani, mbali na ndoo ya maji, feni ikiwa wazi. Kageha alimshika mikono yote miwili na kumwomba radhi kwa yale aliyokuwa amemwambia Mungu juu yake.

"Mama, hata maombi hayo nayahitaji," Obonyo akajibu, na nyumba nzima ikacheka. Mwalimu Khamala alipobisha hodi kuulizia jibu, hakuhitaji kuuliza. Akiwa bado nje alimsikia Kageha akisoma.

Jumapili, kanisa lilijaa mpaka watu wengine wakasimama nje kwenye baridi. Kageha alipanda mbele amevaa leso kichwani, karatasi mkononi. Alianza kwa sauti ndogo. Kwenye mstari wa tatu akakwama.  Kageha akaweka kidole chini ya neno, akarudi nyuma silabi mbili, akalivuka. Kutoka hapo hakusimama tena mpaka mwisho. Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi Mashimoni.

Wakati wa ushuhuda, Mwalimu Khamala alimwomba aseme neno. Akainuka tena.

"Mimi ni mwanafunzi," Kageha akasema. "Nimejifunza kwamba anayenipenda haninyimi neno la kunikosoa. Watoto, mkiona mkubwa wenu anakosea, mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni. Uongo wa kumfurahisha mtu ni uongo vilevile, na unaweza kumteketeza huyo huyo unayempenda."

Hakumtaja mjukuu wake. Lakini Mitchelle alisimama mwenyewe katikati ya viti, mbele ya mama yake, Fundi Obonyo aliyekuwa amealikwa, Akoth na kanisa lote. Kwanza mikono ilikuwa nyuma. Kisha akaiteremsha ubavuni, akainua kichwa.

"Mtoto aliyedanganya ni mimi," akasema. "Naahidi mbele za Mungu, na mbele yenu nyote: nikipewa neno la kumlinda mtu, nitalifikisha lote siku hiyo hiyo, hata kama litamhuzunisha, na nisipofanya hivyo, yeyote kati yenu aniulize."